Foleni ya Dharura Haianzi na Aliyetangulia Kufika

Muuguzi hakumuuliza shangazi yangu maswali mengi. Alimvika kidoleni kile kifaa kidogo cha kupima oksijeni, akamfunga mkanda wa presha, akamwekea kipimajoto kwapani, kisha akanyamaza. Akawa anatazama saa, anatazama kifua cha shangazi, pale kanga ilipokuwa ikiinuka na kushuka. Nilitaka kusema neno, akaniinulia kiganja ninyamaze. Dakika nzima ikapita. Akaandika kwenye fomu: 28.

Shangazi alikuwa ameingia kwa miguu yake, mimi nikiwa nimemshika mkono tangu tuliposhuka kwenye gari. Tangu asubuhi hakuwa amelalamika. Alipoulizwa anaumwa nini, alijibu kama wanavyojibu akina mama wa umri wake: "Nimechoka tu, mwanangu." Kwenye benchi nyuma yetu alikaa kijana mmoja, motari, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, koti lake la kazi limelowa damu, kitambaa kimefungwa kichwani. Alifika robo saa kabla yetu. Muuguzi akamwita mwenzake, kitanda cha magurudumu kikaletwa, shangazi akalazwa juu yake na kusukumwa ndani.

Kijana akainuka. "Dada, mimi nimetangulia! Huyu bibi ametembea mwenyewe, mimi natoka damu!"

Benchi zima likaanza kunong'ona. Muuguzi akamjibu kwa neno moja tu la Kinyarwanda, "Mwihangane," akamwita mgonjwa mwingine. Nami nilimfuata shangazi nimeinamisha kichwa, nikidhani kwamba tumependelewa na nisijue ni nani aliyetupendelea.

Kijana yule alikuwa na haki ya kuuliza, na alistahili jibu. Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikilitafuta jibu hilo kwa wauguzi, kwa madaktari na kwenye maandishi yao. Nimeridhika kwamba muuguzi aliamua kwa haki. Nimeridhika pia kwamba kumwacha kijana arudi kwenye benchi bila kuelezwa lolote lilikuwa kosa, na kosa hilo linarudiwa kila siku katika hospitali zetu.

Kigali ni jiji la foleni. Jioni ukishuka mjini kati au Nyabugogo utakuta watu wamesimama mstari mmoja wakisubiri basi. Mwenye suti yuko nyuma ya mwenye kapu la nyanya, na ole wake atakayejaribu kupenya. Tumelelewa kuamini kwamba aliyetangulia ndiye wa kwanza, na kwamba hiyo ndiyo haki. Kwenye kituo cha basi ni haki kweli, kwa sababu wote tunataka kitu kimoja na kuchelewa kunatuumiza sawasawa. Kwenye mlango wa idara ya dharura, ambao wengi hapa bado tunauita urgence kwa Kifaransa, kanuni hiyo hiyo huua. Pale kuna mtu ambaye saa mbili zitamwongezea maumivu tu, na kuna mtu ambaye dakika kumi zitamwondoa duniani. Kuwapanga wawili hao kwa saa waliyofika ni kuiachia bahati ya usafiri iamue nani aishi.

Kazi ya kuwapanga wagonjwa kwa uzito wa hali zao wenyewe wanaiita triaji. Neno limetoka kwenye kitenzi cha Kifaransa, trier, yaani kuchambua. Ni kitenzi cha watu wa pamba, sufu na kahawa. Aliyewahi kupita kwenye vituo vya kuoshea kahawa nchini mwetu amewaona wanawake wameketi kandokando ya meza ndefu, vidole vyao vikicheza juu ya buni: nzuri huku, iliyotobolewa na wadudu kule. Uchambuzi wa hospitali unafanana na ule kwa wepesi wa mkono na wingi wa mazoea, lakini nia yake imegeuzwa. Kwenye kahawa, punje iliyoharibika hutupwa. Hospitalini, aliyeharibikiwa zaidi ndiye hushikwa kwanza.

Fikra hii ilipata sura yake kwenye vita. Dominique Jean Larrey, daktari mpasuaji wa jeshi la Napoleon, alitaka majeruhi walio mahututi wahudumiwe kwanza bila kujali vyeo vyao. Kabla ya hapo, jenerali mwenye mkwaruzo angeweza kutibiwa huku askari wa kawaida akimaliza damu pembeni. Miaka zaidi ya 200 imepita, na bado sijaona kanuni bora kuliko hiyo: tazama jeraha, usitazame mabega.

Kanuni peke yake, hata hivyo, haimsaidii muuguzi mwenye wagonjwa arobaini mbele yake saa mbili usiku. Anahitaji mizani. Na mizani inayotumika Kigali haikutoka Ulaya. Mwaka 2004, kule Cape Town, wataalamu wa tiba ya dharura walikaa na kutengeneza kipimo kinachofaa hospitali za Afrika, zenye madaktari wachache na msongamano mkubwa, ili muuguzi aweze kukitumia bila kusubiri daktari. Ndicho kilichoitwa Kipimo cha Triaji cha Afrika Kusini. Hospitali Kuu ya Chuo Kikuu ya Kigali, CHUK, imekuwa ikitumia toleo lake lililorekebishwa, na madaktari wa hapa wamechunguza kwa utafiti wao wenyewe kama rangi anazopewa mgonjwa mlangoni zinatabiri kweli yanayompata baadaye.

Rangi ni nne kwa walio hai. Nyekundu ni wa kushughulikiwa papo hapo. Rangi ya machungwa asizidishe dakika 10. Njano asizidishe saa moja. Kijani anaweza kusubiri hadi saa nne. Buluu ni ya aliyekwisha kufariki. Ili kuipata rangi, muuguzi hutafuta kwanza dalili zisizosubiri hesabu: njia ya hewa iliyoziba, degedege linaloendelea, moyo uliosimama. Hizo ni nyekundu moja kwa moja. Zisipokuwepo, hupima mambo saba na kuyapa alama: anatembeaje, anapumua mara ngapi kwa dakika, moyo unapiga mara ngapi, presha ya juu ni kiasi gani, joto la mwili, akili yake iko wazi au imepotea, na kama ameumia kwenye ajali. Alama zikifika 7, ni nyekundu. Tano au 6, machungwa. Tatu au 4, njano. Chini ya hapo, kijani.

Sasa rudi nami pale mezani kwa muuguzi. Fomu ya shangazi niliishika mwenyewe baadaye. Alitembea kwa kushikwa mkono: alama 1. Alipumua mara 28: alama 2. Moyo ulipiga mara 124: alama 2. Presha ya juu ilikuwa 96: alama 1. Joto nyuzi 38.7: alama 2. Akili ilikuwa wazi na ajali haikuwepo: sifuri na sifuri. Jumla 8. Shangazi yangu aliyechoka tu alikuwa nyekundu.

Na kijana mwenye koti la damu? Mtu wa hali kama yake, anayetembea mwenyewe, anayezungumza na hata kugomba kwa sauti kamili, akiwa na mapigo 96 na pumzi 18, presha yake nzuri na joto la kawaida, hupata alama 1 ya pumzi na 1 ya ajali. Jumla 2. Kwa hesabu tupu ni kijani. Jeraha linalotoka damu iliyodhibitiwa kwa kitambaa humpandisha hadi njano. Aliweza kusubiri saa moja. Shangazi hakuwa nayo.

Hapa ndipo macho yetu sisi wa kwenye benchi yanapotudanganya. Damu inaonekana na mfupa uliovunjika unapigiwa kelele. Lakini maambukizi yaliyotoka kwenye figo na kuingia kwenye damu, kama yalivyokuwa ya shangazi, hayana sauti. Mwili unapoanza kushindwa, kwanza huficha. Huongeza pumzi, huongeza mapigo, hubana mishipa ili presha isishuke, na kwa nje mtu huonekana kama aliyechoka na safari. Presha ikija kuporomoka, mara nyingi muda umeshakwenda. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na sijui mahali ambapo methali hiyo ni kweli zaidi kuliko kwenye benchi la idara ya dharura. Muuguzi anafundishwa kusikia kimya. Ndiyo maana aliniinulia kiganja: pumzi ya mtu haihesabiki jamaa zake wakizungumza.

Kuna jambo jingine ambalo mizani hii hailiulizi, na mimi kama mkazi wa Kigali siwezi kulipita. Haiulizi jina la ukoo. Haiulizi dini, mkoa, wala kama mtu ana mituweli, ile bima ya afya ya jamii, au bima kubwa. Katika jiji hili, mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu walichambuliwa kwenye vizuizi vya barabarani kwa kutazamwa kitambulisho. Aliyeandikwa hivi alipita, aliyeandikwa vile aliuawa. Aprili mwaka ule, majeruhi walitolewa hata ndani ya ambulensi ya Msalaba Mwekundu na kuuawa. Kwetu sisi, kwa hiyo, kuwapanga watu mafungu si neno jepesi. Ninapomwona muuguzi wa leo akimpa mtu rangi kwa sababu ya pumzi zake na si kwa sababu ya yeye ni nani, naona kitu kikubwa kuliko utaratibu wa hospitali. Naona mji uliojifunza, kwa gharama isiyosemeka, swali gani usimuulize mtu anayehitaji kuokolewa.

Ndiyo maana pia mizani hii ni ya kulindwa kwa wivu, na kinachoitishia zaidi ni kujuana. Katika nchi zetu zote za Afrika Mashariki tunaijua ile simu. "Kuna mzee wangu anakuja, naomba mumwangalie." Anayepiga si mtu mbaya; anampenda mzee wake kama nilivyompenda shangazi. Lakini simu moja ikimpandisha kijani juu ya machungwa, kuna mtu ameshushwa, na mtu huyo hana wa kumpigia simu. Muuguzi aliyeajiriwa jana hawezi kumkatalia mkubwa peke yake. Anahitaji uongozi wa hospitali utamke wazi, na kubandika ukutani ikibidi, kwamba rangi haipandishwi kwa simu, na kwamba atakayemwadhibu muuguzi kwa kuisimamia rangi ataadhibiwa yeye.

Najua mizani si mashine ya haki. Ina mipaka yake, na walioitengeneza waliijua, ndiyo maana mhudumu mzoefu anaruhusiwa kumpandisha mgonjwa rangi pale jicho lake linapoona ambacho namba hazijasema. Chukua kile kifaa cha kidoleni. Desemba 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walionyesha kwamba kifaa hicho huweza kutoa namba nzuri kuliko hali halisi, na kwamba kosa hilo huwapata wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya weupe. Sisi tunaoishi hapa tulipaswa kulishtukia jambo hilo kuliko wote. Maana yake ni kwamba dakika ile moja ya kuhesabu pumzi kwa saa na macho haikupitwa na wakati. Kifaa kikisema asilimia 95 na kifua kikisema 30, muuguzi mzuri hukiamini kifua.

Mipaka yake mingine ilionekana mwaka 2024. Tarehe 27 Septemba Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko wa ugonjwa wa virusi vya Marburg. Ulipotangazwa kwisha tarehe 20 Desemba, watu 66 walikuwa wamethibitishwa kuugua na 15 wamefariki. Karibu asilimia 80 ya walioambukizwa walikuwa wahudumu wa afya, wengi wao wa hapa hapa Kigali. Marburg huanza kama malaria inavyoanza: homa, kichwa, mwili kuuma. Mizani humpa mwenye homa alama 2, haimwambii muuguzi kwamba homa hii inaweza kumuua yeye. Kwa majuma yale, kumshika mgonjwa mkono ili kupima mapigo lilikuwa tendo la ujasiri, na wapo waliolilipia kwa maisha yao. Tunapokaa kwenye benchi tukilaumu kwamba wauguzi wana kiburi, tukumbuke kwamba wao ndio wanaokutana na ugonjwa kabla haujapewa jina.

Kazi hii huokoa watu wangapi? Kwa watoto tuna jibu zuri kutoka nchi nyingine ya Afrika. Katika Hospitali ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, Malawi, watoto wagonjwa walikuwa wakisubiri kwenye foleni moja na wengine wote. Mwaka 2001 walibadilisha utaratibu: kila mtoto akatazamwa mara anapofika, aliye mahututi akatolewa kwenye foleni na kutibiwa hapo hapo. Vifo vya watoto waliolazwa, vilivyokuwa kati ya asilimia 10 na 18, vikashuka hadi kati ya 6 na 8. Sehemu kubwa ya mabadiliko hayo ilikuwa mpangilio, mafunzo na macho ya wauguzi. Mafunzo ya aina hiyo yamefika Rwanda pia, na wahudumu wetu wa watoto wameyapitia.

Nchi yetu imejenga mengi kuizunguka meza ile. Huduma ya ambulensi ya SAMU, namba 912, ilianza 2007. Mafunzo ya madaktari bingwa wa tiba ya dharura yalianza 2013, na wa kwanza wakahitimu 2018. Vijijini, wajumbe wa afya wanaochaguliwa na majirani zao ndio wanaofanya uchambuzi wa kwanza kabisa: mtoto huyu apewe dawa nyumbani, yule apelekwe kituo cha afya leo hii. Tanzania nayo ilifungua idara kamili ya magonjwa ya dharura katika Hospitali ya Muhimbili mwaka 2010 na kuanza kufundisha mabingwa wake mwaka huo huo. Kenya iliandika kwenye Katiba ya 2010, Ibara ya 43, kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Lakini Katiba haitengenezi kitanda. Oktoba 2015, jijini Nairobi, kijana aliyegongwa na gari alikaa ndani ya ambulensi kwa saa 18 akizungushwa hospitali hadi hospitali kutafuta kitanda cha wagonjwa mahututi, akafariki. Kila mtu aliyemwona alijua kwamba alikuwa nyekundu. Rangi bila kitanda ni tangazo tu.

Hilo ndilo jambo la kwanza ninalowaambia wenye mamlaka. Muuguzi wa mlangoni anaweza kupanga vizuri mpaka mwisho, lakini kama vitanda vya ndani vimejaa wagonjwa wanaosubiri wodi, chumba cha upasuaji au uangalizi maalumu, foleni inahamia ndani tu, ambako jamaa hawaioni. Serikali ilitangaza mwaka 2023 mpango wa kuongeza wahudumu wa afya mara nne katika miaka minne. Ninauunga mkono kwa moyo wote, na ninaomba kwamba katika kuwagawa wahudumu hao, meza ya mlangoni isipewe yule aliyebaki baada ya wodi zote kuchagua. Pale panahitaji muuguzi mkongwe, si mgeni wa kazi.

La pili ni kupima tena, na hili nalisema kwa uchungu.

Mwaka mmoja baada ya mambo ya shangazi nilimpeleka mwanangu kwenye hospitali nyingine ya jiji hili, ambayo sitaitaja. Alikuwa ameteguka mguu. Alipewa kijani, na safari hii nilielewa: hadi saa nne. Tulikaa tano. Pembeni yetu aliketi mzee mmoja na binti yake. Mzee alikuwa njano walipofika, anazungumza, anamuuliza mwanangu shule gani anasoma. Katika saa ya pili akaanza kusinzia. Tukadhani ni usingizi wa uzee. Ni binti ndiye aliyemgusa begani, akamgusa tena, kisha akapiga kelele. Wakaja mbio, wakamchukua. Sikujua mwisho wake. Ninachojua ni kwamba tangu apimwe mlangoni, hakuna mhudumu aliyepita kwenye benchi lile kumtazama mtu yeyote usoni.

Rangi si jina la kuzaliwa. Ni picha ya dakika moja, na mgonjwa anaendelea kuugua baada ya picha kupigwa. Aliyekuwa njano saa moja usiku anaweza kuwa nyekundu saa mbili na robo, na kama hakuna anayezunguka kupima upya, ile karatasi ya njano mkononi mwake inageuka kuwa kizuizi. Jamaa akiuliza, ataambiwa: huyu ni njano, subirini. Ninaomba kila hospitali ya Kigali imteue mtu mmoja katika kila zamu ambaye kazi yake ni kupita kwenye benchi na kupima tena, na asipewe kazi nyingine. Na sisi jamaa, warwaza kama tunavyoitwa hapa, tufundishwe dalili chache za kupiga kelele: pumzi zikienda mbio, mgonjwa akichanganyikiwa, akisinzia isivyo kawaida, mikono ikipoa na kulowa jasho. Tunakaa na mgonjwa saa zote hizo. Ni macho ya bure ambayo hospitali haiyatumii.

La tatu ni dogo kuliko yote na ndilo lililonifanya niandike. Tuambiwe.

"Mwihangane" ni neno zuri. Lina pole ndani yake na lina subira, na nimelisikia likisemwa kwa upendo kwenye misiba na hospitalini. Lakini limebebeshwa mzigo usio wake. Haliwezi kumweleza mtu kwa nini mwanamke aliyetembea ametangulizwa mbele ya mwanamume anayetoka damu. Subira huvuta heri, ndiyo. Subira ya gizani huvuta hasira. Hasira hiyo humwangukia muuguzi, ambaye hakuvipunguza vitanda wala hakuichagua idadi ya wenzake wa zamu. Mtu asiyejua kwamba kuna rangi ataamini kwamba kuna rushwa. Na akiamini hivyo, kesho atatafuta simu ya kupiga. Kwa njia hiyo ukimya wa mlangoni unaizaa ile simu inayoiharibu mizani.

Dawa yake ni sentensi moja. "Kaka, wewe ni njano, utaonwa ndani ya saa moja, hali ikibadilika niite." Kwa Kinyarwanda, au kwa Kiswahili, ambacho ni lugha rasmi ya nchi hii tangu 2017 na ambacho huku kwetu Nyamirambo ndicho wazee wengi wanachougulia. Na bango kubwa ukutani lenye rangi zile na muda wake, lisomeke kutoka kwenye benchi la mwisho. Najua muuguzi ataniambia hana muda. Namwamini. Ndiyo maana siliweki deni hilo juu yake peke yake. Naliweka juu ya hospitali, ambayo inaweza kumpa bango, msaidizi, na ruhusa ya kutumia sekunde kumi kusema kweli.

Usiku ule, shangazi alipokwisha kutundikiwa dripu na kupewa dawa, daktari alinituma nje kununua maji. Kijana bado alikuwa kwenye benchi, kofia ya pikipiki miguuni, kitambaa kimekauka. Alinitazama kwa jicho ambalo sitalisahau. Nilikaa karibu naye nikamweleza kile kidogo nilichokuwa nimeelezwa ndani: kwamba pumzi za shangazi zilikuwa 28, moyo 124, kwamba damu yake yote imeingiliwa na wadudu, na kwamba muuguzi aliyaona hayo kwa kumtazama kifua dakika moja.

"Yule bibi?" akasema. "Mbona alikuwa anatembea!"

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama ataishi. Nikamwambia wanasema tumewahi. Akatikisa kichwa polepole, akaweka kiganja juu ya kifua chake mwenyewe, akainua macho kwenye saa ya ukutani, na akaanza kuhesabu.